Jinsi ya kuwakinga wagonjwa dhidi ya kuanguka hospitalini

MGONJWA anapolazwa hospitalini, jamaa zake hurejea nyumbani wakiwa na matumaini kwamba yu katika mikono salama. Hofu yao huwa juu ya maradhi yaliyompeleka huko. Ni wachache wanaofikiria kwamba mzee aliyelazwa kwa sababu ya homa ya mapafu anaweza kuteleza usiku akielekea msalani, akavunjika nyonga, na asiweze tena kutembea bila kusaidiwa hata baada ya mapafu yake kupona.

Hata hivyo, kuanguka ni miongoni mwa ajali zinazotokea mara nyingi zaidi katika hospitali kote ulimwenguni. Shirika la Afya Duniani (WHO) lakadiria kwamba katika kila siku 1,000 za kulazwa, hutokea visa vitatu hadi vitano vya wagonjwa kuanguka. Zaidi ya thuluthi moja ya visa hivyo huacha majeraha.

Ili kuelewa uzito wa takwimu hizo, chukua mfano wa hospitali yenye vitanda 100 ambavyo vyote vina wagonjwa kwa mwezi mzima. Hizo ni siku 3,000 za kulazwa. Kwa makadirio hayo, wagonjwa wataanguka mara tisa hadi 15 katika mwezi huo mmoja, na watatu hadi watano au zaidi miongoni mwao wataumia.

Wahenga walisema kwamba ajali haina kinga. Methali hiyo humliwaza aliyefikwa, lakini ikigeuzwa kuwa sera ya hospitali huwa kisingizio. Visa vingi vya wagonjwa kuanguka vina sababu zinazojulikana, hutokea mahali panapojulikana na kwa saa zinazojulikana. Makala haya yanaeleza sababu hizo, kinga zilizothibitishwa kufaa, zile ambazo hazikufaa, na wajibu wa kila anayehusika.

TATIZO LINA UZITO GANI?

Kwa jumla, ndani na nje ya hospitali, kuanguka huua takriban watu 684,000 kila mwaka ulimwenguni, kwa mujibu wa WHO. Miongoni mwa ajali zisizokusudiwa, ni ajali za barabarani pekee zinazoua watu wengi zaidi. Zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi zenye mapato ya chini na ya wastani, na walio katika hatari kubwa zaidi ya kufa ni watu wenye umri wa zaidi ya miaka 60.

Katika hospitali za Uingereza, takriban visa 250,000 vya wagonjwa kuanguka viliripotiwa mwaka wa 2015/16. Nchini Marekani, makadirio ni kati ya visa 700,000 na milioni moja kila mwaka. Hizo ni nchi zenye wauguzi wengi kuliko sisi na vitanda vinavyopandishwa na kushushwa kwa kubonyeza kitufe.

Humu nchini, sensa ya mwaka wa 2019 ilionyesha kwamba Wakenya takriban milioni 2.7 walikuwa na umri wa miaka 60 au zaidi. Idadi hiyo inaongezeka, na wengi wa wazee hao watalazwa siku moja kwa ajili ya kisukari, shinikizo la damu, kiharusi au saratani. Kwa hivyo, suala hili haliwezi kuachiwa mataifa tajiri.

Madhara ya kuanguka hayaishii kwenye mfupa uliovunjika au damu kuvuja ndani ya fuvu. Mgonjwa hukaa wodini siku nyingi zaidi na gharama humwelemea yeye na jamaa zake. Hata asiyeumia huingiwa na woga, akakataa kutembea, misuli yake ikalegea, na kwa sababu hiyo akawa katika hatari kubwa zaidi ya kuanguka tena.

KWA NINI WAGONJWA HUANGUKA?

Ni nadra kisa kimoja kuwa na sababu moja. Kwa kawaida sababu kadhaa hukutana: mwili dhaifu, dawa zinazoleta kizunguzungu, mahali pasipofahamika na haja inayomsukuma mgonjwa kuinuka upesi.

Udhaifu wa mwili ndio wa kwanza. Mtu aliyekaa kitandani siku kadhaa bila kula vyema hupoteza nguvu za miguu haraka kuliko anavyodhani. Wagonjwa wa kiharusi, wa kifafa, wenye upungufu wa damu, walio na vidonda vya miguu au ganzi inayotokana na kisukari, na wale wasioona vizuri, wote wamo hatarini.

Pili ni dawa. Dawa za usingizi, za kutuliza akili na zile za maumivu makali kama vile mofini hupunguza uangalifu na kulegeza viungo. Dawa za shinikizo la damu zaweza kulishusha kupita kiasi mgonjwa anaposimama. Insulini isipolingana na chakula hushusha sukari, na mgonjwa akazirai. Dawa za kuongeza mkojo nazo humwamsha mgonjwa mara kwa mara. Zikinywewa jioni, safari za msalani huwa za usiku.

Tatu ni akili kuvurugika kwa ghafla. Mzee aliyeingia hospitalini akizungumza vizuri anaweza kuanza kuweweseka usiku wa pili, akadhani yuko kwake na kwamba ng'ombe wametoroka zizini, akainuka kuwatafuta. Hali hiyo si uzee wala ukaidi. Mara nyingi ni dalili ya maambukizi, upungufu wa maji mwilini, maumivu, kufunga choo au athari ya dawa, na hutibika iwapo chanzo chake kitatafutwa.

Nne ni mazingira: sakafu iliyopigwa deki na kuachwa ikiwa imelowa, taa iliyoungua, kitanda kirefu kisicho na breki, ndara zilizolika, leso inayoburuta chini, mpira wa mkojo unaomnasa mguu, au mti wa kutundikia dripu wenye gurudumu lililokwama.

SAA NA MAHALI PA HATARI

Visa vingi hutokea kando ya kitanda, au kati ya kitanda na choo, mgonjwa akiwa peke yake. Mara nyingi hakuna anayeshuhudia. Muuguzi husikia kishindo tu.

Usiku huwa na hatari yake. Wauguzi wa zamu ni wachache, taa zimepunguzwa na mgonjwa ameamka akiwa na usingizi. Wakati wa wauguzi kupokezana zamu nao huwa wa mashaka, kwa sababu wote wamekusanyika wakikabidhiana majukumu huku wagonjwa wakiwa hawana wa kumwita.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi sana: haya. Mzee aliyelea watoto na wajukuu huona aibu kumwomba msichana wa umri wa mjukuu wake amsindikize chooni. Mwanamume huona heri ajikaze. Wengine huwahurumia wauguzi kwa kuwa wanawaona wakikimbia huku na huko, na hawataki kuwasumbua. Mgonjwa wa namna hii huanguka kwa sababu ya adabu yake, na hatasaidika kwa kufokewa eti hakuita. Husaidika anapojua kwamba kuita kunatarajiwa.

KUMPIMA MGONJWA ANAPOLAZWA

Hospitali nyingi duniani hutumia kipimo kilichobuniwa na mtafiti wa uuguzi Janice Morse katika miaka ya 1980. Kipimo hicho huuliza mambo sita na kuyapa alama.

Mgonjwa aliyewahi kuanguka karibuni hupewa alama 25. Mwenye ugonjwa zaidi ya mmoja hupewa 15. Anayetembea kwa mkongojo au magongo hupata 15, na anayejishikilia kwenye meza na vitanda hupata 30. Aliyetundikiwa dripu huongezewa 20. Mwendo dhaifu una alama 10, na mwendo wa shida 20. Anayesahau kiwango cha uwezo wake huongezewa 15.

Chukua mfano wa mzee aliyeanguka nyumbani mwezi uliopita, mwenye homa ya mapafu pamoja na kisukari, aliyetundikiwa dripu, mwenye mwendo dhaifu na anayejishikilia vitandani akitembea. Alama zake zitafika 100. Hospitali nyingi huhesabu alama 45 na zaidi kuwa hatari kubwa.

Hata hivyo, wataalamu wametofautiana kuhusu vipimo vya aina hii. Mwaka wa 2013, taasisi inayotoa miongozo ya tiba nchini Uingereza, NICE, ilizishauri hospitali zisitegemee alama za kubashiri nani ataanguka. Ilipendekeza kwamba kila mgonjwa mwenye umri wa miaka 65 na zaidi ahesabiwe kuwa hatarini, pamoja na wale wa miaka 50 hadi 64 ambao mtaalamu ameona wana ugonjwa unaoongeza hatari hiyo.

Hoja yao ni kwamba alama peke yake haimwokoi mtu. Muuguzi anaweza kujaza fomu, akaandika 100, akaifungia kabatini, na mzee akabaki vilevile. Kipimo kina maana ikiwa kila jibu linafuatwa na kitendo: macho yachunguzwe, dawa zipitiwe upya, mkongojo uletwe karibu na mgonjwa asindikizwe chooni.

Mojawapo ya vipimo vya bei nafuu ni kupima shinikizo la damu mgonjwa akiwa amelala, kisha tena katika dakika tatu za kwanza baada ya kusimama. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, au ile ya chini kwa 10 au zaidi, mgonjwa huyo hupungukiwa na damu kichwani anaposimama, na dawa zake zinastahili kuangaliwa upya.

KINGA ZINAZOFAA NA ZISIZOFAA

Kwa miaka mingi hospitali zimejaribu mbinu tele, na baadhi ya zile zinazopendwa zaidi hazikuonyesha manufaa zilipochunguzwa.

Vilio vya tahadhari vinavyowekwa kitandani ili vimjulishe muuguzi mgonjwa anapoinuka ni mfano mmoja. Utafiti uliochapishwa nchini Marekani mwaka wa 2012, katika wodi 16 za hospitali moja, ulionyesha kwamba matumizi ya vifaa hivyo yaliongezeka sana lakini idadi ya walioanguka haikupungua. Mara nyingi kilio husikika mgonjwa akiwa tayari yuko chini.

Nchini Australia, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka wa 2016 ulihusisha wodi 24 katika hospitali sita. Wodi zilizochaguliwa zilipewa mbinu kadhaa kwa pamoja, zikiwemo mabango ya tahadhari juu ya kitanda, vitanda vifupi na vilio vya tahadhari. Idadi ya walioanguka na ya walioumia haikutofautiana na ile ya wodi nyinginezo.

Ni nini basi kilichofaa? Utafiti mwingine wa Australia, uliochapishwa mwaka wa 2015, ulifanywa katika wodi nane za wagonjwa wanaofanyishwa mazoezi ya kurejesha nguvu. Mtaalamu aliketi na kila mgonjwa mwenye akili timamu, akamweleza hatari zake na wakapanga pamoja jinsi ya kuziepuka. Wafanyakazi nao walijulishwa yale wagonjwa waliyosema. Visa vilikuwa 13.8 kwa kila siku 1,000 pasipo mafunzo hayo, na 7.8 yalipotolewa.

Matokeo yanayofanana na hayo yalipatikana katika hospitali tatu za miji ya Boston na New York, yakachapishwa mwaka wa 2020. Katika wodi 14, muuguzi alijaza chati yenye picha kando ya kitanda akiwa pamoja na mgonjwa na jamaa zake. Chati ilionyesha hatari za mgonjwa huyo hasa na hatua zinazomfaa yeye. Utafiti huo uliohusisha wagonjwa 37,231 ulionyesha kwamba visa vya kuanguka vilipungua kwa asilimia 15, na vile vya kuumia kwa asilimia 34.

Funzo ni kwamba karatasi iliyojazwa pamoja na mgonjwa, na mazungumzo ya dakika chache, huweza kushinda mtambo wa bei ghali. Hilo ni jambo la kutia moyo kwa hospitali zetu zisizo na fedha nyingi.

Mbinu nyingine ni mzunguko wa kila saa. Muuguzi au msaidizi wake hupita kitandani na kuuliza mambo manne: Je, una maumivu? Unataka kwenda haja? Umelala vizuri? Unavifikia vitu vyako? Utafiti uliofanywa katika hospitali 14 za Marekani na kuchapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba mzunguko huo ulipunguza visa vya kuanguka pamoja na idadi ya mara ambazo wagonjwa walibonyeza kengele. Muuguzi anayedhani hana muda wa kuzunguka huenda akagundua kwamba mzunguko humrudishia muda wake.

KUMFUNGA MGONJWA SI KINGA

Kuna njia moja ya hakika ya kumzuia mtu asianguke: asiinuke kamwe. Ndiyo sababu baadhi ya wahudumu na hata jamaa humfunga mgonjwa kwa kitambaa, au humwekea vizuizi pande zote mbili za kitanda na kumwamuru asishuke.

Njia hiyo ina madhara makubwa. Aliyefungwa hupata vidonda vya mgongo, hujikojolea na huzidi kuchanganyikiwa. Wako waliojinyonga wakijaribu kujifungua. Vizuizi vya kando navyo humfaa mgonjwa asiyejigeuza au anayesafirishwa kwa machela, lakini aliyechanganyikiwa huviparamia, na badala ya kuanguka kutoka kimo cha godoro, huanguka kutoka juu zaidi. Wengine hunaswa kichwa au shingo kati ya vyuma.

Isitoshe, kitanda chenyewe hudhoofisha. Katika uchunguzi uliochapishwa Marekani mwaka wa 2007, wazee wenye afya njema walilazwa kitandani kwa siku kumi. Walipoteza kwa wastani karibu kilo moja ya nyama za miguu. Ikiwa mzima hupungukiwa kiasi hicho, sembuse mgonjwa?

Marekani ilijifunza jinsi shinikizo la fedha linavyoweza kupotosha nia njema. Kuanzia Oktoba 2008, bima ya serikali ya wazee, Medicare, iliacha kuzilipa hospitali gharama za ziada za majeraha yanayotokana na kuanguka wodini. Baadaye wataalamu walionya kwamba baadhi ya hospitali, kwa kuogopa hasara, ziliwaweka wagonjwa kitandani kupita kiasi. Walikwenda nyumbani bila kuvunjika, lakini wakiwa wamesahau kutembea.

Kwa hivyo lengo ni mgonjwa atembee salama, huku akisindikizwa. Mtaalamu wa viungo anapomwinua mgonjwa mapema na kumzungusha wodini mara kadhaa kwa siku, anazuia ajali ya wiki ijayo.

WODI ILIYO SALAMA

Mengi yanayohitajika hayana gharama kubwa. Kitanda kishushwe hadi kimo cha chini kabisa mgonjwa anapoachwa, na breki zifungwe. Penye vitanda vya zamani visivyoshuka, wagonjwa walio hatarini wapewe vile vilivyo vifupi, tena karibu na meza ya muuguzi.

Wodi nyingi za hospitali za umma humu nchini ni ukumbi mmoja mrefu wenye vitanda pande zote mbili. Muundo huo hunyima wagonjwa faragha, lakini una faida moja: muuguzi aliye katikati huwaona wote. Faida hiyo hupotea mapazia yanapofungwa usiku kucha au meza yake inapowekwa nje mlangoni.

Wafanya usafi ni walinzi wa wagonjwa sawa na wauguzi. Ukumbi upigwe deki nusu baada ya nusu, ili daima pawe na njia kavu, na bango la tahadhari liwekwe hadi sakafu ikauke. Maji yaliyomwagika yapanguswe papo hapo na yeyote aliyeyaona, awe daktari au mgeni.

Chooni pawe na vishikilio vya chuma vilivyokazwa ukutani. Vyoo vya kuchuchumaa huwatesa wazee na waliofanyiwa upasuaji. Hao waletewe kiti chenye ndoo au chombo cha kujisaidia kitandani. Taa ndogo iwake usiku njiani kuelekea msalani, na pawe na tochi au taa ya betri kwa ajili ya umeme unapopotea.

Pale ambapo hakuna kengele ya umeme, kengele ndogo ya mkono iliyowekwa kwenye kabati la kando huweza kutosha, mradi kuna anayeitika. Na pale ambapo wagonjwa wawili hulala kitanda kimoja kwa sababu ya msongamano, aliye dhaifu asilazwe ukingoni bila ulinzi. Hilo ni suluhisho la dharura tu. Kitanda ni cha mtu mmoja.

WATOTO NA AKINA MAMA

Kwa mtoto mchanga na anayetambaa, vizuizi vya kitanda ni vya lazima na lazima viwe vimeinuliwa hadi juu. Watoto wengi huanguka mzazi akiwa karibu, pale anapogeuka kidogo kuchukua nepi au chupa. Mkono mmoja ubaki juu ya mtoto daima.

Mama aliyejifungua naye hupaswa kusindikizwa anapoinuka mara ya kwanza, hasa ikiwa alipoteza damu nyingi, hakula au alidungwa dawa ya ganzi ya mgongoni. Wengi huzirai chooni au bafuni. Vilevile, mama aliyechoka akisinzia huku akinyonyesha, mtoto huweza kuponyoka mikononi. Jirani wa kitanda au muuguzi akimwona anasinzia, amsaidie kumlaza mtoto mahali pake.

WAJIBU WA JAMAA NA MGONJWA

Katika hospitali zetu, jamaa hubeba sehemu kubwa ya utunzaji. Msaada wao huwa na manufaa zaidi wanapojua la kufanya.

Mweleze muuguzi siku ya kwanza iwapo mgonjwa wako amewahi kuanguka, hata kama ni nyumbani na hakuumia. Taja dawa zote anazotumia, zikiwemo za mitishamba. Mletee miwani yake, mkongojo wake na viatu vinavyokaza mguu vyenye soli isiyoteleza, badala ya ndara kuukuu au soksi tupu. Nguo ya kulalia isiwe ndefu ya kukanyagwa.

Unapoondoka baada ya saa za kuwaona wagonjwa, weka maji, simu, tochi na chombo cha kujisaidia mahali anapofikia bila kujinyoosha. Rudisha kiti ulichokalia. Mjulishe muuguzi kwamba unaondoka, hasa kama mgonjwa amekuwa akiweweseka. Mzee anayechanganyikiwa hutulia akisikia sauti anayoijua, kwa hivyo omba ruhusa jamaa mmoja abaki naye.

Mgonjwa mwenyewe asiinuke kwa ghafla. Kwanza aketi kitandani na kusubiri dakika moja au mbili. Kisha ateremshe miguu, azungushe nyayo mara kadhaa na aone kama kichwa kinamzunguka. Asimame akiwa ameshikilia kitu imara, kisichokuwa na magurudumu, na atulie kabla ya hatua ya kwanza. Mwenda pole hajikwai. Akihisi kizunguzungu, arudi kuketi na aite. Asingoje hadi haja imbane; aombe kusindikizwa kabla ya kulala.

MGONJWA AKIANGUKA

Jambo la kwanza watu hufanya ni kumshika makwapa na kumwinua. Hilo ni kosa. Iwapo ameumia shingo au amevunjika nyonga, kumwinua hivyo huongeza madhara.

Aachwe palepale na muuguzi aitwe. Achunguzwe kama anapumua, kama ana fahamu na kama anavuja damu. Aulizwe maumivu ya shingo, mgongo na nyonga. Mguu mmoja ukionekana mfupi na umegeukia nje, huenda nyonga imevunjika. Sukari na shinikizo la damu vipimwe, kwa sababu huenda ndivyo vilivyomwangusha.

Aliyegonga kichwa, au ambaye hakuna aliyeona alivyoanguka, afuatiliwe kila nusu saa kwa saa za kwanza: fahamu zake, mboni za macho na nguvu za viungo. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda achukuliwe kwa uzito zaidi, hata akisema yu mzima, kwani damu huweza kuvuja kichwani polepole.

Kisha daktari amwone, jamaa wajulishwe siku hiyohiyo, na mpango wake wa utunzaji ubadilishwe. Aliyeanguka mara moja yuko katika hatari kubwa ya kuanguka tena.

KURIPOTI BILA KULAUMIANA

Hapa ndipo hospitali nyingi hukwama. Muuguzi aliyekuwa peke yake usiku na wagonjwa makumi kadhaa huitwa asubuhi kujieleza, na huenda akaadhibiwa. Wenzake hujifunza haraka: kisa kijacho hakitaandikwa. Mgonjwa atapatikana "akiwa na maumivu ya nyonga", na chanzo hakitajulikana.

Hospitali isiyo na ripoti za kuanguka haipaswi kushangiliwa kabla ya kuulizwa maswali. Ripoti zinapoandikwa kwa ukweli, ndipo msimamizi huona kwamba visa vitano kati ya sita vilitokea kwenye njia ileile ya choo, au usiku ambao muuguzi alikuwa mmoja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa hauwezi kuzibwa ikiwa kila anayeuonyesha anaadhibiwa.

Hii haimaanishi kwamba uzembe uvumiliwe. Aliyempuuza mgonjwa akiita ana la kujibu. Lakini aliyepangiwa kazi isiyowezekana hana hatia ya kushindwa. Wa kuulizwa ni aliyempangia.

HAKI ZA MGONJWA

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa, na Kifungu cha 57 kinawahakikishia wazee haki ya kuishi kwa heshima. Mkataba wa Haki za Wagonjwa wa mwaka wa 2013 nao unatambua haki ya mgonjwa kupata habari kuhusu matibabu yake na kuwasilisha malalamishi.

Tangu huduma za afya zigatuliwe mwaka wa 2013, hospitali nyingi za umma zimo chini ya serikali za kaunti. Mwananchi anaweza kuuliza wakati wa vikao vya bajeti ni fedha ngapi zimetengewa vitanda, vishikilio vya vyooni na wauguzi wa usiku. Kila tarehe 17 Septemba, tangu mwaka wa 2019, ulimwengu huadhimisha Siku ya Usalama wa Wagonjwa; ni fursa nzuri kwa kila hospitali kutangaza wagonjwa wangapi walianguka mwaka huo na ni hatua gani iliyochukuliwa.

Visa vyote haviwezi kumalizwa. Mtu anayejifunza upya kutembea baada ya kiharusi hukubali hatari fulani, na ana haki ya kuikubali. Lakini kuna tofauti kubwa kati ya aliyeanguka akijaribu hatua zake mikononi mwa mtaalamu, na aliyeanguka gizani kwenye maji ya deki kwa kuwa aliita na hakuna aliyekuja. Huyo wa pili ndiye hospitali inayopaswa kuulizwa habari zake.